Kipande cha Nta cha Buatong: Maisha ya Daktari Orapin Chaiwut, 1956–2024

Waheshimiwa watawa, ndugu na jamaa wa pande zote, ninyi mliotoka hospitalini na ninyi majirani mliokuja mmejifunga vitambaa puani kwa ajili ya moshi huu, kaeni, tafadhali, marehemu hakupenda kuona watu wamesimama bila kazi. Mimi ni Inthon, baba yangu na baba yake walizaliwa tumbo moja, na nimepewa kazi ya kusoma habari za maisha yake kwa sababu Fai, binti aliyelelewa na marehemu, ameziandika karibu zote lakini sauti imemkataa. Ameniomba nisiruke neno, hata pale ambapo mzee kama mimi angependa kuruka, kwa hiyo mtasikia pia habari za mdogo wake Buatong, za kipande cha nta kilichokaa kabatini miaka thelathini na minne, na za swali ambalo marehemu alilala nalo na kuamka nalo muda huo wote, yaani kama angemwambia mdogo wake akakatwe badala ya kumwambia asubiri, je, Buatong angekuwa hai leo?

Marehemu Daktari Orapin Chaiwut alizaliwa tarehe 14 Novemba 1956 hapa hapa Ko Kha, mkoa wa Lampang, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Tan, fundi seremala, na marehemu Bi Khamnoi, mchoraji wa majogoo kwenye mabakuli ya udongo, kazi ambayo leo anaifanya Fai. Mdogo wake wa pekee, Buatong, alizaliwa mwaka 1963, na tangu siku hiyo Orapin hakuwa tena mtoto, maana alimbeba mgongoni, akamtafunia wali, akamfundisha kuogelea mtoni, na wakati mwingine akachapwa kwa makosa ya yule mdogo, ambaye alikuwa na ulimi wa pilipili na kicheko cha kusikika hadi ng'ambo ya mto. Sisi tuliokua nao tunakumbuka kwamba ukimwita mmoja wanakuja wawili.

Alisoma shule ya msingi ya hekalu hili, kisha sekondari ya wasichana mjini Lampang, na mwaka 1975 alichaguliwa kwenda Chiang Mai kusomea udaktari, akahitimu mwaka 1981, akaendelea na masomo ya kuchunguza nyama za mwili kwa hadubini hadi mwaka 1985. Kijijini hatukuielewa kazi hiyo, na kila aliporudi likizo tulimpangia foleni ya vikohozi na magoti, naye akawa anatujibu, "Jamani, mimi huwaona watu wakiwa vipande, nikimwona mzima mzima nachanganyikiwa," na mama yake akawa anaona aibu kwamba mtoto amesoma miaka yote hiyo na hawezi kutibu goti.

Tarehe 12 Februari 1984 alifunga ndoa na marehemu Mwalimu Praphan, mtu mpole aliyefundisha jiografia na kupika vizuri kuliko mkewe, wakaishi kwa mapenzi hadi Praphan alipofariki mwaka 2011, na hawakujaliwa kupata mtoto wa kumzaa. Mwaka 1985 aliajiriwa katika hospitali moja ya mkoa wetu, akaitumikia mpaka siku ya kustaafu kwake, tarehe 30 Septemba 2017, na kwa miaka mingi alikuwa ndiye anayesoma karibu kila kipande cha mlango wa kizazi kilichokatwa kwa mwanamke wa wilaya hizi. Wanawake sokoni walimjua, na alipomkazia macho mmoja wao kwa sababu tu anafikiria bei ya uyoga, utasikia, "Daktari, usinitazame hivyo bwana, mimi si kioo chako cha hadubini!" kisha wanacheka wote, naye anacheka, lakini mwanamke aliyetazamwa huenda nyumbani akiwa kimya.

Sasa nifike pale. Buatong aliolewa mwaka 1986 na Wichian, ambaye yupo nasi leo na tunamshukuru kwa kuja, na mimba mbili za mwanzo ziliharibika. Mwezi Machi 1989 alipimwa pamoja na wafanyakazi wenzake, kikaonekana kitu, kikakatwa kipande kidogo kama punje ya mchele, kikagandishwa ndani ya nta, kikakatwa chembamba kuliko unyoya, kikalazwa juu ya kioo, kikapakwa rangi ya zambarau, na kioo hicho kikafika mezani kwa dada yake. Orapin hakumpa mtu mwingine akisome, alikisoma mwenyewe, akaona mabadiliko ya katikati, si madogo ya kupuuza wala makubwa ya kukimbilia kisu, yale ambayo kwa wanawake wengi huondoka yenyewe kama homa ya mafua na kwa wachache hugeuka saratani, na kwa rangi ile ya zambarau hakuna binadamu aliyeweza kusema huyu ni wa kundi gani.

Daktari wa upasuaji alikuwa tayari, lakini kisu cha siku zile kilichukua nyama nyingi, na kwa mwanamke ambaye tayari mimba mbili zimemtoka, kulikuwa na hofu ya kweli kwamba ya tatu haitashika. Buatong alikuja nyumbani kwa dada yake na kapu la maembe mabichi, akakaa kwenye ngazi, akamwambia, "Dada, niachie mwaka mmoja tu, nizae kwanza, halafu mnikate mnavyotaka, hata mnitundike buchani," na Orapin akacheka, akamwambia subiri basi, tutakuangalia kila baada ya miezi sita. Mwezi Septemba walimwangalia, hali ilikuwa ile ile, na mwezi Novemba akawa mjamzito. Fai alizaliwa tarehe 2 Agosti 1990, kilo tatu kasoro, na kicheko cha mama yake kilisikika tena hadi ng'ambo ya mto.

Ninyi wa hapa mnajua mzazi wa kwetu anavyotunzwa, anakaa ndani mwezi mzima karibu na moto, hanywi baridi, hali kila kitu, hatoki, na damu inayomtoka haiulizwi, kwa sababu ni damu ya uzazi, inasafisha nyumba ya mtoto. Buatong alitoka damu mwezi wote huo, akatoka damu na mwezi uliofuata, na Bi Khamnoi aliongeza kuni na tangawizi, na Orapin, daktari, aliyekuja kila Jumapili kumbeba mtoto, aliiona ile damu na kuiita jina lile lile aliloiita mama yake. Walipomfikisha hospitalini mwezi Novemba, saratani ilikuwa imeshapita mahali pa kukatwa. Buatong alifariki tarehe 19 Mei 1992, akiwa na umri wa miaka ishirini na minane, akachomwa hapa hapa, na Wichian alipolazimika kwenda kufanya kazi mbali, mtoto akabaki kwa mama yake mkubwa.

Tulidhani tumemchoma Buatong mzima. Baada ya siku mia moja Bi Khamnoi alianza kumwota, na ndoto ilikuwa moja tu, Buatong amesimama mlangoni, haingii wala haendi, amejishika kiuno, anasema anasikia baridi mahali padogo, kuna kitu chake kimebaki kwa dada. Mama alikwenda kwa mwanamke anayepandisha mizimu kule ng'ambo ya mto, akaambiwa maneno yale yale bila yeye kuyataja, akarudi akamuuliza Orapin, "Umechukua nini cha mwenzio? Sketi? Hereni?" na Orapin akasema hakuchukua kitu. Alijua. Alikuwa mtu wa sayansi, hakuamini wapandisha mizimu, lakini alijua kwamba katika kabati la tatu la maabara, katika chumba kinachopozwa mchana kutwa ili nta isiyeyuke, kipo kipande cha mlango wa kizazi cha mdogo wake, ndani ya kikasha cha plastiki kisichozidi kidole gumba.

Kila mwaka mpya, siku ya kumwagia wazee maji mikononi na kuomba radhi, Bi Khamnoi alimbariki binti yake kama mama yeyote, uwe na afya, uwe na maisha marefu, kisha anamalizia, "Na umrudishie mwenzio kitu chake." Sisi wengine tulikuwa tunapokezana bakuli la maji na kujifanya hatusikii. Alimwambia hivyo miaka kumi na saba mfululizo mpaka alipofariki mwaka 2009, na Orapin kila mwaka alijibu, "Sawa, mama," na kila mwaka hakukirudisha.

Kwa nini hakukirudisha, hilo ndilo Fai ametaka mlisikie. Tangu Buatong afe, Orapin alitaka kujua jambo moja tu la kitaaluma, nalo ni kwamba wanawake wawili wenye vioo vinavyofanana kama mapacha, mmoja anapona akiwa shambani kwake bila dawa, mwingine anakufa, sasa tofauti yao imejificha wapi? Miaka ya elfu mbili zikafika hapa rangi mpya zinazoshika protini ndani ya seli, na yeye akazitaka kwa udi na uvumba, hasa protini mbili ambazo wenzake waliziita p16 na Ki-67, ya kwanza hujaa pale ambapo breki ya seli imekatwa na virusi, ikijitokeza kwa rangi ya kahawia, ya pili huonekana pale ambapo seli inajigawa bila kupumzika, ikijitokeza kwa rangi nyekundu, na zikikutana zote mbili ndani ya seli moja, hilo ni gari lisilo na breki ambalo mguu wa dereva uko kwenye mafuta. Kati ya mwaka 2006 na 2008 aliongoza wenzake kufungua makabati ya zamani, wakatoa vipande vya wanawake waliokuwa na mabadiliko ya katikati miaka mingi nyuma, wengine wazima, wengine marehemu, wakavipaka rangi hizo ili waone kama protini zilikuwa zimeshasema ukweli siku zile ambazo daktari alisema tusubiri.

Na kwa kiasi kikubwa zilikuwa zimesema. Waliozikosa zote mbili wengi wao walipona wenyewe, na waliokuwa nazo pamoja wengi wao waliendelea kuugua, ingawa si wote, na Orapin alikuwa mkali kwa kijana yeyote aliyesema protini inatabiri, akimwambia, "Protini si mpiga ramli, inakuambia tu mlango upi uko wazi, nani atapita hujui." Kwa kazi hiyo wanawake wengi wa mkoa huu waliepushwa na kisu wasichokihitaji, na wengine wakakatwa mapema, wakazaa baadaye, na baadhi yao nawaona wamekaa pale nyuma.

Kipande cha Buatong hakikupakwa rangi. Somphit, fundi wa maabara aliyefanya naye kazi tangu akiwa msichana na ambaye leo ndiye mkuu wa maabara hiyo, anasema kila walipofika safu ile daktari alinyoosha mkono akakitoa, akakishika mpaka wamalize safu, kisha akakirudisha mahali pake, na kila alipofungua kabati la tatu alisema, "Samahani, tunapita." Vijana wa maabara wakaanza kuogopa, wakasema kabati lile lina baridi kuliko mengine, wakasema ukikaa peke yako saa ya chakula unasikia mtu anacheka upande wa makabati, basi wakafanya kama tunavyoifanyia mizimu sote, wakaweka mbele yake chupa ya soda nyekundu na mrija. Walidhani daktari akiiona atawafokea. Aliiangalia ile chupa, akavua miwani, akasema, "Buatong hapendi soda nyekundu, mpeni maji ya nazi," akaendelea na kazi, na tangu siku hiyo hakuna kijana aliyetaka kubaki mle peke yake, ila maji ya nazi hayakukosekana.

Ugonjwa wa marehemu ulianza mwezi Januari 2023 kwa kikohozi kikavu, ambacho sote tulikiita kikohozi cha moshi, kwa kuwa msimu wa kuchoma mashamba na misitu ulikuwa umeanza na kila mtu anakohoa. Kwa mara ya pili katika familia hii tuliupa ugonjwa jina la jirani yake. Mwezi Mei iligundulika kuwa ni saratani ya mapafu, yeye ambaye hakuwahi kuvuta hata sigara moja, na akaomba akione kioo chake mwenyewe, akakitazama kwa utulivu, akamwambia daktari kijana aliyekuwa anatafuta maneno ya kumpoza, "Usihangaike, mwanangu, nimeshajisoma."

Mwezi Novemba, alipokuwa tayari anatembea na mtungi wa hewa, alimwita Fai, akamweleza habari yote ya kipande cha nta, ambayo Fai alikuwa hajawahi kuisikia, akamwambia kwamba hicho ni mali ya mama yake, na kwamba uamuzi wa kukipaka rangi au kukichoma hivyo hivyo ni wa Fai, kwa sababu yeye mwenyewe ameshindwa. Fai alilia siku mbili, akachora majogoo wenye mikia iliyopinda, siku ya tatu akasema, "Mama Mkubwa, twende tukakiangalie. Nimechoka na mimi kusimama mlangoni."

Wakaenda asubuhi. Somphit alikikata kipande kile kwa mkono wake, akaomba radhi kwanza, akakipaka rangi, na kwa kuwa rangi zile hazina haraka, watatu hao walikaa kwenye benchi la nje wakala tambi za wali na mchuzi mwekundu, daktari akalalamika kuwa mchuzi hauna chumvi, na Fai anasema alitamani rangi ile isikauke kamwe. Kisha wakaingia, wakakaa kwenye hadubini yenye vichwa viwili, ili wote waone kitu kimoja kwa wakati mmoja, na Fai, ambaye hajui seli lakini anazijua rangi, aliona kahawia imepanda kutoka chini hadi juu kama maji ya mafuriko ukutani, na ndani ya kahawia hiyo nukta nyekundu, moja karibu na nyingine, hazikuhitaji kutafutwa.

Marehemu alitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Ningemkata. Ningeliona hili siku ile, asingeteremka hata ngazi zangu, ningemkata." Fai akamuuliza, "Na mimi?" Mama yake mkubwa akaondoa jicho kwenye hadubini, akamwambia, "Ndiyo maana sikutaka kujua, mwanangu. Kila nilipoomba yeye apone, nilikuwa nakufuta wewe. Kila nilipokubeba, nilikuwa nimemwacha yeye. Ningekirudishaje?" Somphit anasema yeye alitoka nje wakati huo, hakuweza kubaki, na kwamba upande wa makabati palikuwa kimya, ukimya ambao hajawahi kuusikia mle ndani.

Fai alimshika mkono akamjibu hivi, na maneno haya ndiyo aliyoniambia nisithubutu kuyaruka, "Mama alikuomba mwaka mmoja. Ulimpa. Mwaka wenyewe ndio mimi."

Tangu siku hiyo marehemu aliacha kusema kuhusu kuchelewa au kukosea, ila alianza kuota ile ndoto aliyokuwa akiiota mama yake, jambo ambalo mtu wa sayansi aliona aibu kulisema, akamwambia Fai tu. Buatong bado alikuwa amesimama mlangoni, lakini sasa amevaa viatu, ameupa mgongo mlango, anatazama njia, anagongagonga mguu kama zamani alipokuwa anamsubiri dada yake amalize kusuka nywele waende shule. Marehemu alifariki dunia nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 27 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, Fai akiwa amemshika miguu, na neno lake la mwisho lililosikika vizuri lilikuwa, "Nakuja, nawe, mbona huna subira."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa zamani waliokesha nasi kila jioni ya sala, Somphit na vijana wake wa maabara ambao leo asubuhi wamemletea maji ya nazi, majirani mliopika, mliopanga viti na mliotengeneza haya maua ya vipande vya mbao ambayo kila mmoja wenu ataweka juu ya jeneza kabla ya moto, Wichian aliyesafiri kutoka mbali, na watawa wetu kwa sala zenu. Hospitali nayo tunaishukuru kwa kukubali, baada ya barua nyingi, kumpa Fai kile kikasha pamoja na kioo chake, na mkimwona anapanda ngazi za kwenye jeneza akiwa wa kwanza na kitu kidogo kimefungwa kwenye kitambaa cha sketi ya bibi yake, msiulizane, ni hicho, anakwenda kukiweka mkononi mwa mama yake mkubwa ili akirudishe mwenyewe kama alivyoahidi mara kumi na saba. Baada ya moto huu, hakuna kabati lolote lenye kitu cha Buatong, kilichobaki chake hapa duniani ni Fai peke yake, na huyo mtusaidie kumtunza.

Sasa simameni, tunyamaze kidogo. Atakayesikia kicheko upande wa mlango asigeuke.

Orapin, Buatong, pumzikeni kwa amani.